Kengele ya Mwisho: Kidato cha Sita katika Shule za Bweni za Wavulana

Shule ya bweni ya wavulana, kwa maana iliyozoeleka nchini Tanzania, ni taasisi inayowakusanya vijana wa kiume mahali pamoja kwa miaka miwili, minne au sita, ikawapangia saa za kuamka, kula, kusoma na kulala, kwa matumaini kwamba mpangilio huo utawatoa wakiwa tayari kwa chuo kikuu na kwa maisha ya utu uzima. Tabora, Ilboru ya Arusha, Mzumbe ya Morogoro na Kibaha ya Pwani ndizo zinazotajwa kwanza kila mazungumzo yanapofika hapo, kwa kuwa zimo katika kundi la shule za vipaji maalumu, yaani shule za serikali zinazopokea wanafunzi waliofaulu kwa alama za juu kutoka kila pembe ya nchi. Sifa ya shule hizi imeandikwa sana, na si sifa ya bure. Lililoandikwa kwa uchache ni mwaka wa mwisho, ule wa kidato cha sita, ambao ndio unaoonyesha wazi zaidi kile ambacho shule imekifanya na kile ambacho imekiacha. Shule hizi zimefaulu kumwandaa kijana kwa mtihani, lakini hazijawahi kuamua kwa dhati ni lini kijana huyo arudishiwe saa zake mwenyewe. Na karibu kila hatua ambayo dola imeichukua tangu miaka ya 1960 ili kumkamilisha mhitimu, imechukuliwa nje ya lango la shule, baada ya masomo kwisha.

Ratiba ya siku hutofautiana kidogo kati ya shule na shule, ila mifupa yake ni ileile. Kengele ya kuamka hulia kabla ya mapambazuko, aghalabu karibu na saa kumi na moja alfajiri. Hufuata mchakamchaka, usafi wa mabweni na wa maeneo ya nje, uji, kisha mstarini, ambao ni mkusanyiko wa asubuhi unaotumika kuimba wimbo wa taifa, kuhesabu waliopo na kutoa matangazo. Vipindi huwa vya dakika 40 kila kimoja hadi mchana, halafu wanafunzi huenda bwaloni kula ugali na maharage, halafu michezo au kazi za mikono, halafu chakula cha jioni, na mwisho prepo, yaani saa za usiku ambazo kila mwanafunzi hutakiwa awe darasani akijisomea chini ya uangalizi wa mwalimu wa zamu. Taa zikizimwa, siku imekwisha, ingawa kila aliyewahi kulala katika bweni la wavulana anajua kwamba chini ya mablanketi mwanga wa tochi huendelea kwa muda, hasa miezi ya mtihani inapokaribia.

Kengele inayoyaongoza hayo yote, katika shule nyingi, si kengele ya shaba bali ni ringi ya gari iliyofungwa kwa waya kwenye tawi la mwembe au mwarobaini na kugongwa kwa kipande cha nondo, na sauti yake hufika mabwenini, jikoni na viwanjani. Anayeigonga ni mwanafunzi mmoja, mtunza muda, aliyekabidhiwa saa ya mkononi na jukumu la kutochelewa hata mara moja, kwa sababu akichelewa yeye, shule nzima imechelewa. Mtunza muda huamka kabla ya wengine, hukatiza mlo wake, huomba ruhusa ya kutoka darasani dakika moja kabla ya kipindi kwisha. Jambo hili dogo linastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa linaeleza mengi: katika shule yenye mamia ya wavulana, huyu mmoja tu ndiye anayefundishwa kutazama saa, na waliobaki wote hufundishwa kuisikia.

Kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza mwenye umri wa miaka 13 au 14, mpango huo hauna ubaya. Mtoto aliyetoka nyumbani kwao Kasulu, Newala au Ukerewe akiwa na sanduku la bati, godoro, ndoo, fyekeo na orodha ya vifaa vilivyoandikwa katika fomu ya kujiunga, anahitaji kuongozwa, na kengele humwondolea hofu ya kutojua la kufanya. Tatizo ni kwamba kijana wa kidato cha sita, ambaye ana miaka 19 au 20, mwenye haki ya kupiga kura, bado anaishi kwa kengele ileile na kwa ratiba ileile. Miaka sita imepita, ndevu zimeota, na bado anayeamua saa yake ya kufungua kitabu ni mtu mwingine.

Ratiba hiyo inalindwa kwa hoja ya mtihani, na hoja yenyewe haiwezi kupuuzwa. Mwanafunzi wa kidato cha tano na sita husoma kwa tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo matatu anayoyachukua kwa kina: PCM ni Fizikia, Kemia na Hisabati, HKL ni Historia, Kiswahili na Lugha ya Kiingereza, EGM ni Uchumi, Jiografia na Hisabati. Katika mtihani wa taifa unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, alama ya A katika somo huhesabiwa pointi 1, B pointi 2, na kuendelea hadi F yenye pointi 7, na jumla ya masomo matatu ya tahasusi ndiyo inayotoa daraja. Pointi 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 ni la pili. Kadiri pointi zinavyopungua ndivyo heshima inavyopanda, na ndoto ya kila bweni ni pointi 3. Mkuu wa shule anajua kwamba tofauti kati ya pointi 9 na pointi 12 inaweza kuwa tofauti kati ya kozi ya udaktari na kozi ambayo kijana hakuitaka kamwe, kwa hiyo anaona afadhali ashike kamba mwenyewe hadi karatasi ya mwisho kuliko kuilegeza na kujutia.

Hata hivyo, asili ya kamba hiyo si mtihani. Ilikuwapo kabla ya tahasusi na kabla ya Baraza la Mitihani, na ililetwa kwa kusudi tofauti. Shule ya Tabora, iliyoanzishwa mwaka 1922 chini ya utawala wa Waingereza, katika miaka yake ya mwanzo ililenga hasa kuwaandaa watoto wa machifu, ili serikali ya kikoloni ipate watawala wa kienyeji waliosoma na ambao ingeweza kutawala kupitia kwao. Umbo lake lilichukuliwa kutoka shule za bweni za tabaka la juu la Uingereza: nyumba au mabweni yanayoshindana, michezo ya lazima, na viranja, yaani wanafunzi wakubwa waliopewa mamlaka juu ya wadogo. Si kwamba hapakuwa na njia nyingine. Kuanzia mwaka 1928, huko Malangali katika nyanda za Iringa, mwalimu Mwingereza W. B. Mumford alijaribu kuijenga shule juu ya desturi za wenyeji, akiwaingiza wazee, ngoma na mafunzo ya jadi katika maisha ya kila siku ya wanafunzi. Jaribio hilo lilikuwa na kasoro zake, na kubwa ni kwamba wazazi wengi walitaka elimu iliyomfikisha mtoto kwenye kazi ya ofisini. Halikudumu, na mfano wa Tabora ndio ulioenea. Shule za baadaye zilizojengwa kwa fedha na fikra tofauti kabisa, kama Kibaha iliyozaliwa katika miaka ya 1960 kutokana na ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Skandinavia na Finland, nazo zilirithi mabweni, viranja na mwalimu wa zamu.

Kiranja ndiye moyo wa mfumo huo, na kupitia kwake ndipo mtu anapoweza kuuelewa mwaka wa mwisho. Kwa kawaida kuna kaka mkuu, ambaye ni kiongozi wa wanafunzi wote, na chini yake viranja wa taaluma, chakula, afya, michezo, usafi na mabweni. Faida za mpango huu ni za kweli: kijana hujifunza kuandaa orodha ya zamu, kugawa chakula kisichotosha bila kuzusha ugomvi, kusuluhisha wizi wa sabuni, na kusimama mbele ya watu 600 akazungumza bila kutetemeka. Wengi wa walioitumikia nchi walianzia hapo. Lakini mfumo huu tangu mwanzo ulikuwa na dhana yake kuhusu maana ya kuongoza. Julius Nyerere aliingia Tabora mwaka 1937 na kumaliza mwaka 1942, na waandishi wa wasifu wake wanaeleza kwamba walimu walipompendekeza awe kiranja, mkuu wa shule hapo awali alikataa kwa kumwona mpole mno kwa kazi hiyo. Uamuzi huo mmoja unaonyesha kilichokuwa kikipimwa. Hakikuwa akili, kwa kuwa kijana yule alikuwa nayo, wala uwezo wa kuzungumza, kwa kuwa alikuwa miongoni mwa waliohuisha midahalo ya shule. Kilichopimwa ni utayari wa kuwabana wenzake.

Dhana hiyo bado ipo, na hudhuru zaidi pale inapokutana na kazi za mikono. Shule ya bweni ya wavulana, katika jambo moja, hutoa elimu ambayo nyumba nyingi hazijawahi kuwapa watoto wao wa kiume: humfanya mvulana afue nguo zake, apige deki, achote maji, aoshe sahani yake, asafishe choo, apige pasi shati lake. Katika familia ambako kazi hizo huachiwa dada na mama, hili ni badiliko kubwa, na inafaa lisemwe kwa sauti kwa sababu wanaozitetea shule za wavulana hulisahau wakikimbilia matokeo ya mtihani. Ila badiliko hilo halifiki mwisho. Njuka, kama anavyoitwa mwanafunzi mgeni, hufanya kazi hizo zote mwaka wa kwanza. Mwaka unaofuata hufanya nusu yake. Na akifika kidato cha sita, katika mabweni yasiyo na usimamizi mzuri, ndoo yake huchotwa na mwingine na shati lake hufuliwa na mtoto wa kidato cha kwanza ambaye haoni njia ya kukataa. Kwa maneno mengine, kijana hujifunza kujihudumia akiwa mdogo, halafu hufundishwa kuhudumiwa akiwa mkubwa, na somo la pili ndilo analoondoka nalo kwa sababu ndilo la karibuni.

Matokeo ya mamlaka ya namna hiyo yakiachwa bila mipaka yameonekana kwa uchungu katika nchi jirani ya Kenya, ambako mwaka 1999 viranja wanne wa shule moja ya wavulana ya Nyeri waliuawa kwa moto uliowashwa na wanafunzi wenzao walipokuwa wamelala, na baada ya misiba ya aina hiyo serikali ilisukuma shule ziachane na viranja wa kuteuliwa na walimu, badala yake ziwe na mabaraza ya wanafunzi yenye viongozi wa kuchaguliwa. Tanzania haikupitia njia hiyo kwa ukali uleule. Shule nyingi zina serikali za wanafunzi na hufanya baraza, mkutano ambao wanafunzi huruhusiwa kueleza kero zao mbele ya walimu, na pale mkutano huo unapoendeshwa kwa ukweli, hupunguza hasira nyingi. Lakini uchaguzi peke yake haubadilishi kazi ya kiranja ikiwa kazi yenyewe imebaki ya kuhesabu waliochelewa na kupeleka majina kwa mwalimu.

Kuna kipindi katika mwaka wa mwisho ambacho watu wachache hukitilia maanani. Miezi kadhaa kabla ya mtihani, viongozi wa kidato cha sita hukabidhi madaraka kwa kidato cha tano ili wapate nafasi ya kusoma, na wakati huohuo mada nyingi za mtaala zinakuwa zimekwisha kufundishwa. Kijana aliyeng'atuka uongozi, ambaye hafagii kwa kuwa ni mkubwa na hatawali kwa kuwa ameshakabidhi, hubaki na jambo moja tu la kufanya, nalo ni kusoma. Hapo ndipo linapotokea jambo zuri kuliko yote yanayotokea katika shule hizi. Jioni, katika chumba cha darasa kilichobaki wazi, vijana watano au sita hukaa wameuzunguka ubao, mmoja ameshika kipande cha chaki kilichobaki kidogo kama kisigino cha penseli, anaeleza jinsi alivyolipata jibu la swali la umeme lililotoka katika mtihani wa miaka ya nyuma. Mwingine anambishia, anainuka, anafuta mstari wa tatu kwa kiganja, anaandika wake. Wa kidato cha tano waliojibanza mlangoni wananakili kimya. Hii ndiyo diskasheni, neno ambalo wanafunzi wameliazima kwa maana ya kikundi cha kujifunza kwa mabishano. Hakuna mwalimu aliyeiteua, hakuna kiranja anayehesabu waliohudhuria, na anayeongoza ni yule aliyeelewa mada hiyo, ambaye kesho katika mada nyingine atakaa chini na kufundishwa na yule aliyekuwa akimfundisha. Uongozi wa namna hii ndio unaohitajika maabara, hospitalini, bungeni na katika kampuni, na shule inao tayari bila kuutambua. Kisha kengele inalia, na kikundi kinavunjika katikati ya swali.

Mahafali, sherehe ya kuwaaga wanaohitimu, hufanyika katika kipindi hichohicho, kabla ya mtihani wenyewe. Wazazi hufika kwa mabasi ya usiku, kwaya na skauti hujiandaa kwa wiki kadhaa, mgeni rasmi huketishwa meza kuu chini ya turubai, na mwakilishi wa wahitimu husoma risala. Risala ya wahitimu imekuwa na umbo linalojulikana mno: salamu kwa itifaki, historia fupi ya shule, mafanikio ya taaluma na michezo, changamoto, maombi. Katika changamoto hutajwa uzio, tangi la maji, uchakavu wa mabweni, upungufu wa kompyuta au gari la shule. Katika maombi mgeni rasmi huombwa asaidie mojawapo, naye hujibu kwa ahadi, na waalikwa huchangia papo kwa papo. Mahitaji hayo ni ya kweli na michango hiyo imejenga vyoo na maabara katika shule nyingi, kwa hiyo si haki kuibeza desturi yenyewe. Linalosikitisha ni kwamba hii ndiyo mara pekee katika miaka yao yote ya shule ambapo vijana hawa hupewa kipaza sauti mbele ya wazazi wao, na maneno waliyopewa kuyasema ni ya mhasibu wa majengo. Hawasemi walijifunza nini, waliumizwa na nini, wangependa mdogo wao wa kidato cha kwanza atendewe vipi. Risala moja ikiandikwa na wahitimu wenyewe, ikasomwa bila kupitiwa kwa kalamu nyekundu, ingemfundisha mkuu wa shule mambo ambayo ripoti ya ukaguzi haiwezi kuyaona.

Mtihani huanza Mei na kwa kawaida huchukua wiki chache. Siku ya karatasi ya mwisho, shule nyingi huwataka wahitimu waondoke mara moja, pengine siku hiyohiyo, kwa kuhofia vurugu na uharibifu wa mali. Hofu hiyo ina msingi, lakini pia ni ungamo: ikiwa vijana waliolelewa kwa miaka sita hawawezi kuaminiwa kwa usiku mmoja usio na kengele, basi utii uliokuwapo ulikuwa wa kengele, haukuwa wao.

Dola imeuona upungufu huo tangu zamani, na jibu lake karibu mara zote limekuwa kumkabidhi mhitimu kwa nidhamu nyingine. Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lilianzishwa Julai 1963 kama chombo cha vijana wa kujitolea. Serikali ilipotaka kulifanya la lazima kwa wasomi, huku sehemu kubwa ya mishahara yao ikikatwa katika kipindi cha utumishi, wanafunzi wa elimu ya juu waliandamana hadi Ikulu tarehe 22 Oktoba 1966. Nyerere, ambaye sasa alikuwa Rais, aliwafukuza zaidi ya 300 warudi makwao, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, mwaka 1967, alitoa Elimu ya Kujitegemea, andiko lililolaumu shule za sekondari kwa kuwatenga vijana na jamii iliyowalipia na kuwafanya wajione bora kuliko wakulima, na likataka kila shule iwe pia shamba. Wengi wa waandamanaji walikuwa wametoka katika shule za bweni zilezile. Hasira ya Rais juu yao inaeleweka vizuri zaidi mtu akikumbuka kwamba yeye mwenyewe alilelewa katika shule ya aina hiyo na aliijua kutoka ndani.

Mashamba yalilimwa, kwa mafanikio ya kutofautiana, na katika shule nyingi yaligeuka kuwa adhabu, kwa kuwa aliyechelewa mstarini ndiye aliyepelekwa kulima. Mwaka 1974 Azimio la Musoma lilikwenda mbali zaidi, likaamua kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiingie chuo kikuu moja kwa moja, bali apite kwanza JKT na kazini. Wazo hilo lilikuwa na busara ndani yake, kwa sababu lilitambua kwamba kati ya bweni na chuo kunahitajika mahali pa kukomaa. Ila utekelezaji wake uliwaathiri hasa wasichana, ambao idadi yao vyuoni ilishuka hadi ikabidi waondolewe sharti hilo, na baadaye sharti lenyewe lilififia. JKT ya lazima nayo ilisitishwa mwaka 1994 kwa ukosefu wa fedha, ikarejeshwa mwaka 2013, na sasa wahitimu wengi huitwa kwa mujibu wa sheria katika kambi kama Ruvu, Mafinga na Msange, mara nyingi mwanzoni mwa Juni, kwa muda wa takriban miezi mitatu. Huko kijana hukutana na wenzake wa mikoa yote na wa jinsia zote, jambo lenye thamani kubwa kwa taifa. Lakini pia hukutana na kengele nyingine, safari hii ikiwa filimbi ya afande. Matokeo hutangazwa Julai akiwa bado kambini.

Saa zinamrudia kwa mara ya kwanza chuoni, na zinamrudia zote kwa pamoja. Hakuna prepo, hakuna mwalimu wa zamu, na mhadhara wa saa mbili asubuhi unaweza kukosekana bila mtu kuuliza. Fedha nazo hufika kwa namna hiyohiyo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hutoa kwa wanaokidhi vigezo fedha za chakula na malazi ambazo wanafunzi wenyewe huziita bumu, zinazoingia kwa mafungu. Na kijana ambaye fedha zake za matumizi shuleni zilitunzwa na patroni, yaani mlezi wa bweni, na kutolewa shilingi elfu mbili mbili, sasa ana mkononi fungu la miezi miwili na hajawahi hata mara moja kuligawa kwa siku. Darasani anakuta wasichana, ambao, kama alisoma Tabora, walikuwa na shule yao mji huohuo lakini alikutana nao kwenye midahalo na mahafali tu, na kazi ya kikundi inaweza kuongozwa na mmoja wao. Wengi wa vijana hawa hujirekebisha ndani ya mwaka mmoja, kwa gharama ya kozi moja au mbili za kurudia. Wengine hawajirekebishi, na wazazi wao hushindwa kuelewa imekuwaje mtoto aliyepata daraja la kwanza ashindwe mwaka wa kwanza wa chuo, ilhali akili ni ileile.

Jibu haliko katika kuongeza taasisi nyingine baada ya shule. Liko katika miezi ile ya kuanzia Januari, wakati madaraka yamekabidhiwa na mada zimekwisha, na halihitaji fedha. Kidato cha sita kiondolewe kwenye kengele ya prepo na kila mwanafunzi aandike ratiba yake ya wiki, aiwasilishe kwa mwalimu wa malezi, kisha aulizwe Jumamosi ni nini alikitimiza. Fedha zake azitunze mwenyewe na daftari lake la matumizi. Ndoo yake aichote mwenyewe hadi siku ya kuondoka, na hili lisimamiwe bila msamaha, kwa kuwa hakuna jambo jingine litakalomlinda mtoto wa kidato cha kwanza kwa haraka kiasi hicho. Diskasheni zipewe vyumba na taa hadi saa ambayo vikundi vyenyewe vimeafikiana. Wapo watakaolala, na ni afadhali walale Februari, mbele ya mwalimu anayewajua kwa majina, kuliko Novemba chuoni ambako hakuna anayewajua.

Wakuu wa shule watahofia matokeo, na hofu hiyo ilikuwa na uzito zaidi zamani, shule zilipokuwa zikipangwa kwa nafasi na kutangazwa magazetini. Tangu mwaka 2023 Baraza la Mitihani limeacha kutangaza orodha ya shule bora. Mkuu wa shule anayetaka kuwapa wahitimu wake miezi minne ya kushika saa zao anaweza kuanza muhula ujao wa Januari, na hana haja ya kusubiri waraka kutoka wizarani.